Matone Kutoka Kambu

Kambu,
3 Februari 2024

Kwa Mwalimu Mutindi, dada yangu mwenye kichwa kama yai,

Salamu nyingi kuliko malori ya hapa barabarani. Mimi ni mzima, na ungeniona ungesema huyu si yule Muli aliyeacha shule kidato cha pili, huyu ni mtu wa serikali. Nimevaa koti jeupe! Mzee Chege mwenye duka la dawa hapa malori yanapolala amenisimamisha nyuma ya kaunta, yeye anasinzia kwa kiti huko ndani. Madereva wananiita Dakitari. "Dakitari, tumbo." Nampa ya tumbo. "Dakitari, mgongo." Nampa ya mgongo na ushauri juu. Hakuna aliyerudi kulalamika. Wengine wameenda Malaba na hawajarudi kabisa, lakini hiyo si shida yangu.

Umesema hutaki simu kwa sababu kwa simu nacheka tu, nasema poa poa, halafu nakata. Ati niandike, na kila barua utaisahihisha kwa kalamu nyekundu na kunirudishia, kama vile mimi ni mtoto wa darasa la nne. Haya. Nimekubali kwa sababu wewe ni mgonjwa na mgonjwa habishiwi. Yakub ataibeba. Kila wiki analeta mbuzi kutoka huko Mutomo na kurudi na wale waliokosa mnunuzi. Barua ikinuka beberu usinilaumu.

Zile dripu za kansa zinaendaje? Ni kweli hata nyusi zimeanguka? Nitumie picha nitishie nayo watoto wa jirani.

Kuja nitakuja. Ni kazi tu imenibana.

Ni mimi,
Dakitari Muli

---

Mutomo,
9 Februari 2024

Kwa ndugu yangu Muli, ambaye si daktari,

Nimekurudishia barua yako. Hesabu mwenyewe mistari myekundu. Umepata nne kwa kumi. Ilikuwa tano, lakini kuna moja nimekunyima kwa sababu hukutaja siku ya kuja. Ndivyo nitakavyokuwa nikifanya: kila barua nitakunyima alama moja, na kila mara nitakuambia kwa nini.

Nyusi zimeenda, ndiyo. Mama Rahab, mwenye nyumba wangu, anasema nafanana na sanamu ya mtakatifu aliyeachwa mvuani. Anaitunza nyumba hii kama hospitali: maji ya kuchemsha, hakuna mgeni mwenye kikohozi, muthokoi wa mahindi na maharagwe mpaka ulainike kama uji.

Kila wiki ya nne napelekwa Kitui kuwekewa dripu. Dawa yenyewe ni nyekundu, Muli, nyekundu kama wino wangu. Daktari alinieleza kwamba haichagui. Inaua kansa, na askari wanaolinda mwili inawaua pia. Kwa siku kadhaa baada ya dripu mimi ni boma ambalo ua wake wa miiba umeondolewa. Ugonjwa wowote ukipita, unaingia tu. Uvimbe wa shingoni lakini umepungua nusu. Zimebaki dripu nne. Nikizimaliza zote bila kukatiza, anasema nina nafasi nzuri.

Njoo kabla sijapata nywele. Ukikawia utakosa kichekesho.

Dada yako,
Mutindi

---

Kambu,
2 Machi 2024

Kwa Mwalimu wa alama za choyo,

Nne! Mimi niliyekuwa naibu wa kiranja wa maktaba! (Maktaba yenyewe ilikuwa sanduku moja, lakini ufunguo nilikuwa nao mimi.)

Jumamosi iliyopita nilikuwa nije, haki tena. Nilikuwa nimevaa na viatu. Halafu Mzee Chege akasema kuna mzigo wa dawa unafika. Hii ya leo nayo kuna harusi ya mtu. Ile nyingine, tutaona. Sema unataka nini kutoka mjini, kwa sababu Kambu ni mji siku hizi, tuna taa za barabarani mbili, na moja inawaka.

Ukimaliza hizo dripu nitakununulia wigi. Refu. Watu wa Mutomo wafikirie umetoka Marekani.

Muli, mtu wa watu

---

Mutomo,
14 Machi 2024

Kwa Muli,

Tano kwa kumi. Ile moja ni ya viatu. Mtu akishavaa viatu anatembea.

Nitakuambia jambo na ulikalie. Tangu Jumapili nina malengelenge kwenye paji la uso, upande wa kushoto tu, yakashuka mpaka kwenye kope. Yanachoma kama mtu amenimwagia mafuta ya chapati. Jicho lenyewe limekuwa jekundu na mwanga unaliuma. Nayajua haya. Ni mkanda wa jeshi. Na wewe unajua watu wa hapa wakiona mkanda wa jeshi wanasema nini. Watasema kansa ilikuwa ya kudanganyia, kwamba mwalimu ana Ukimwi. Wazazi wataanza kutoa watoto darasani mwangu hata kabla sijarudi kazini.

Kwa hivyo nimefunga kilemba chini mpaka kwenye nyusi ambazo sina. Hata Rahab hajaona. Siku yangu ya Kitui ni tarehe nne mwezi ujao, nitamwonyesha daktari hapo. Ni wiki tatu tu. Usimwambie mtu.

Mutindi

---

Kambu,
18 Machi 2024

Kwa dada mwenye macho mekundu,

Kwani una ndugu wa nini kama unateseka na jicho? Jicho jekundu ndiyo kazi yangu hapa! Hawa madereva wanatoka Mombasa usiku kucha, vumbi, moshi, miraa, wanafika hapa macho kama nyanya. Nawapa chupa moja tu. Tone mbili, na kabla chai haijapoa jicho limekuwa jeupe kama maziwa. Wananipigia honi wakipita.

Ndiyo hii nimekufungia kwenye soksi, tena mbili, moja ya akiba. (Soksi ni safi. Karibu.) Tia tone mbili mara nne kwa siku. Karatasi iliyo ndani ya boksi nimeitoa ili isichukue nafasi, maandishi yake ni madogo kama mavi ya nzi na hakuna mtu anayasoma.

Wala usiende hospitali kupanga foleni na watu wanaokohoa, wewe mwenyewe umesema huna ua. Siri yako iko kwangu. Daktari halisi hatoi siri.

Dakitari Muli, bingwa wa macho

---

Mutomo,
25 Machi 2024

Kwa Dakitari,

Leo nakuita hivyo bila kucheka. Niliweka Jumatano, Ijumaa wekundu ulikuwa umeisha. Uchungu umepungua na naweza kutoka nje. Rahab amesema naonekana nimelala vizuri. Ningesubiri mpaka tarehe nne nikiungua bure.

Umebaki kama moshi kidogo tu, kama ninaangalia watu kutoka ndani ya jiko la kuni. Nadhani utaondoka. Naendelea na matone.

Saba kwa kumi. Ni alama ya juu kuliko zote ulizowahi kupata mikononi mwangu. Ile moja niliyokunyima ni ya soksi. Haikuwa safi.

Dada yako anayeona aibu kwamba alikudharau,
Mutindi

---

Kambu,
30 Machi 2024

Kwa mgonjwa wangu nambari moja,

SABA! Nimeibandika hiyo barua ukutani mwa duka, karibu na kalenda. Kila dereva anayeingia namwambia: huyo ni mwalimu, na huyo mwalimu nimemtibu mimi. Mmoja ameniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia Mutomo, kwa posta.

Tarehe nne ukienda Kitui usimsumbue yule daktari na habari za jicho lililopona. Waachie hao kansa, macho niachie mimi.

Muli, ambaye sasa anatembea polepole kama mtu mkubwa

---

Mutomo,
19 Aprili 2024

Muli,

Nimechoka kidogo ndiyo maana naandika kwa ufupi. Barua yako nimekurudishia. Haina makosa.

Usilete matone mengine. Yapo ya kutosha.

Ukipata nafasi njoo.

M.

---

Kambu,
27 Aprili 2024

Kwa Mwalimu Mutindi,

Nimeigeuza barua mbele na nyuma. Nimeishika kwenye jua. Hakuna hata mstari mmoja mwekundu! Haina makosa! Mimi, Muli, nimeandika ukurasa mzima na kalamu nyekundu imekosa pa kutua. Nimewaambia wote hapa kwamba nimehitimu. Mzee Chege ameamka kwenye kiti kunipa mkono.

Lakini wewe, mwalimu, kulikoni? Maandishi yako yamekuwa makubwa kama ya tangazo la mnada, na mistari inateremka kama ng'ombe wanaokwenda mtoni. Jina langu umeliandika juu ya tarehe! Ningekuwa mimi ndiye nasahihisha ningekupa mbili. Moja ya kujaribu na moja ya huruma. Au siku hizi mnakunywa kitu na Mama Rahab?

Alama zangu hukuandika. Nadai kumi.

Muli Bila Makosa

---

Mutomo,
6 Mei 2024

Kwa Muli,

Bwana asifiwe. Mimi ni Rahab, mwenye nyumba ya dada yako. Nimemwahidi kwamba sitakuandikia, na ahadi hiyo naivunja leo nikiwa na akili zangu zote, kwa sababu nimemsomea barua yako ya mwisho kwa sauti, ile ya ng'ombe wanaokwenda mtoni, na akacheka, halafu akaomba nimwache peke yake.

Mutindi haoni. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia anaona dirisha kama kuna jua, basi. Barua yako haikuwa na mistari myekundu kwa sababu hakuweza kuiona karatasi.

Nitakueleza kama tulivyoelezwa Kitui. Yale malengelenge yalikuwa ya virusi. Mtu mwenye nguvu mwili unapigana navyo wenyewe, yeye askari wake waliuawa na dawa ya kansa. Ilitakiwa aanze vidonge vya kuua virusi siku zile zile za kwanza. Matone uliyotuma hayaui virusi. Yana dawa ya kutuliza wekundu, na hiyo kwa jicho la vumbi inasaidia, lakini kwa jicho kama lake inawafunga mikono hata wale askari wachache waliobaki. Wekundu uliondoka, virusi vikabaki vinakula. Tarehe nne alienda akasema jicho limepona. Alipobanwa siku hiyo hiyo akakubali kulionyesha, kioo cha jicho kilikuwa kimefanya kovu, na virusi vimepita nyuma, vimeingia na la pili.

Kuna jingine. Wamesimamisha kemo, zile dripu za kansa, mpaka virusi vidhibitiwe. Ni wiki ya tano sasa. Uvimbe wa shingoni umerudi, na mwingine umetokea kwapani.

Daktari alimuuliza ni nani alimpa matone. Akasema alijinunulia mwenyewe. Nilikuwa nimesimama hapo na ile soksi niliijua.

Sikuandikii kukuhukumu. Nakuandikia uache kudai kumi.

Rahab

---

Kambu,
11 Mei 2024

Kwa Mama Rahab,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, halafu nimekaa, halafu sijui.

Usimsomee hii.

Ile barua ya saba nimeitoa ukutani. Chupa zilizokuwa kwenye rafu nimezimwaga zote nyuma ya duka. Mzee Chege ameniambia nimepata wazimu, ati ni dawa nzuri, hakuna aliyelalamika. Nikamwambia kweli, hakuna aliyelalamika. Koti nimemwachia.

Karatasi ya ndani ya boksi nilikuwa sijaitupa. Nilikuwa nimefungia nayo njugu. Nimeisoma jana, maneno niliyoweza. Imeandikwa, Mama. Imeandikwa usitie kama jicho lina virusi. Mtu aliyesoma kidato cha pili anaweza kuyasoma hayo, na mimi nilizitoa karatasi zote mbili kwa sababu soksi ilikuwa imejaa.

Unajua kwa nini sikuja? Si kazi. Wala hakukuwa na harusi. Mwaitu, mama yetu, alipokuwa anakufa kule Kikima nilikuwa na miaka kumi na mbili, na mimi ndiye nilikuwa nafunga kilemba chake kila asubuhi kwa sababu Mutindi alikuwa chuoni. Kile kichwa kilikuwa kidogo. Nikaapa sitashika kingine. Nikiandika utani naona Mutindi ana nywele.

Niambie kama anaumwa. Niambie ukweli.

Muli

---

Mutomo,
17 Mei 2024

Kwa Muli,

Mkono ni wa Rahab, maneno ni yangu. Nimemkataza kuongeza hata amina.

Najua amekuandikia. Wiki nzima umenyamaza, na ulipompa Yakub salamu ukasema "mwambie dada nampa pole." Pole! Wewe! Nikajua umeambiwa.

Sasa sikiliza. Nilikukasirikia. Siku mbili nzima nilikuwa nakulaani kwa jina lako lote, Rahab ni shahidi. Siku ya tatu nikajikuta najikasirikia mimi. Mwalimu ni mimi. Dripu ilikuwa mkononi mwangu, na daktari alikuwa ameniambia wazi: kitu chochote kipya, njoo siku hiyo hiyo. Sikwenda kwa sababu niliogopa midomo ya watu wa soko. Nilificha malengelenge chini ya kilemba, ukaniletea kitu cha kufichia wekundu, na tukafurahi wote wawili. Hilo kosa tuligawana, Muli. Usilibebe lote peke yako kama unavyobeba sifa.

Wanataka kuanzisha kemo tena Juni kama damu itakubali. Sidhani kama itakubali. Hilo nimelisema mara moja na sitalirudia.

Ninachotaka ni hiki. Rahab ananisomea Zaburi mpaka nahisi nimeshazikwa. Niandikie uongo. Ule wako wa zamani, mkubwa. Nikiwa kwenye giza hili na nasomewa kwamba umenunua ndege, naona ndege.

Halafu uje. Nilipombana Rahab alinisomea na ile barua uliyokataza nisisomewe. Kichwa changu si kidogo. Mwaitu alikuwa na kichwa kidogo, mimi nimechukua cha baba.

Mutindi

---

Kambu,
20 Mei 2024

Kwa Mwalimu Mutindi, malkia wa Mutomo na vitongoji vyake,

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nakagua lori langu. Sijakuambia? Nimenunua lori. Magurudumu kumi na nane, rangi ya kijani, na mbele nimeandika MUTINDI kwa herufi kubwa kuliko zile zako za Aprili. Likipita Kambu mbuzi wanasimama wima. Polisi wananipigia saluti wakidhani ni msafara. Juzi nililipeleka mpaka Mombasa, bahari ikarudi nyuma kidogo kwa heshima.

Madereva wengine wananiomba kazi, nawaambia tutaona. Mzee Chege ndiye tanboi wangu, msaidizi wa lori, anafunga turubai. Analifunga vibaya, lakini mimi ni mtu wa huruma.

Nimerudi shule pia. Mwalimu mkuu alilia aliponiona, ati shule ilipungua uzito nilipoondoka. Nimekuwa wa kwanza. Wa pili ameachwa mbali mpaka ametumiwa nauli.

Nywele zako nimeziona, ziko njiani. Nimeagiza.

Jumamosi hii nakuja. Lori langu liko kwa fundi wa rangi kwa hivyo nitapanda la Yakub, nitakaa nyuma na mbuzi, wameshakubali. Viatu nimevaa, Mutindi. Nimevivaa tangu jana, nimelala navyo.

Mambo mengine nitakuambia nikiwa hapo, na si uongo. Hayo sitaandika.

Ndugu yako,
Muli

---

Kambu,
16 Juni 2024

Kwa Mama Rahab,

Shikamoo Mama. Leo ni siku ya nane tangu tumzike Mutindi kule Kikima, karibu na Mwaitu. Niliondoka bila kukuaga vizuri. Uliniona nikipanda lori, ukainua mkono, nikaangalia mbuzi.

Asante kwa zile siku tisa. Asante kwa kutoka nje kila nilipoanza kumfunga kilemba. Alikuwa amesema kweli, kichwa kilikuwa cha baba.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo moja. Ile Jumamosi niliyofika, ulipoenda kuchota maji, aliniomba barua ya lori. Nikamwambia si umeshasomewa. Akasema imesomwa lakini haijasahihishwa. Akapapasa chini ya mto akatoa kalamu nyekundu, kumbe alikuwa anailalia. Nikamshikia karatasi juu ya goti. Nikataka kumshika na mkono pia, akanipiga kofi. "Mimi ni mwalimu," akasema, "wewe shika karatasi."

Akaandika tisa. Kichwa cha ile tisa kiko kwenye karatasi, juu ya maneno yangu. Nikamuuliza hiyo moja umeninyima kwa nini. Akafunga kalamu kwanza, akairudisha chini ya mto. Mama, nilikuwa nimeshajua jibu. Nilikuwa nimejiandaa aseme matone.

Akasema, "Bahari hairudi nyuma."

Tukacheka mpaka akakohoa na wewe ukaingia mbio na ndoo.

Sasa nafanya kazi ya kuziba pancha za malori. Dereva mwenye macho mekundu akipita namuuliza maswali mpaka ananitukana, halafu namwonyesha njia ya kliniki. Hawaniiti Dakitari tena.

Karatasi ninayo. Lakini ile tisa ilikuwa kubwa, na mkia wake haukutosha kwenye karatasi. Ulishuka ukaandika kwenye shuka, lile la maua ya buluu, upande wa ukuta. Nakuomba, kama hujalifua, usilifue. Yakub atapita Alhamisi kulichukua.

Muli